Meza na Kivuli

Nabeul, Alhamisi, 3 Aprili

Mwanangu Wajdi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na magoti yako bado yanakutii. Sisi huku hatujambo. Shangazi yako Mbarka anakusalimu sana. Mgongo unamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa, alhamdulillahi. Midanzi yote, hii michungwa yetu michungu, imechanua kwa pamoja mwaka huu, na mji unanukia hadi mtu anasahau alikokuwa akienda. Jana nilitoka kununua mkate nikajikuta nimesimama kwa fundi viatu, na fundi mwenyewe hakuniuliza nataka nini.

Nimesikia kocha amewanyang'anya simu mpaka mashindano yaishe. Amefanya vema. Ami Sassi amekubali kubeba barua zetu kwenye gari lake la abiria, kutoka hapa mpaka mapokezi ya hoteli yenu na kurudi. Anasema barua ni abiria mzuri, haimwambii asimame njiani ikanunue maji.

Sasa nikupe habari, na usikasirike. Siku redio ilipotangaza majina ya timu ya taifa ya mpira wa kikapu nilikuwa mkahawani. Lilipotajwa jina lako, Hmida kinyozi akacheka mpaka akaweka karata zake mezani. "Wajdi? Wa miaka thelathini na mitatu? Hao wamemchukua awabebee taulo!" Mwanangu, sijui nilisimamaje. Nilijisikia tu nikisema, mbele ya watu wote: "Haramu juu yangu nikikanyaga ukumbi wa mashindano kabla mwanangu hajafunga kikapu kwa ajili ya nchi hii!"

Najua utasema sisi tunaapa haramu hata tukigombania kulipa kahawa. Lakini hiki kilikuwa kiapo chenye mashahidi, na Hmida ameshakifanyia sheria zake: mitupo ya adhabu haihesabiki, lazima kiwe kikapu cha mchezo wenyewe.

Miaka yote umeichezea timu ya taifa ugenini, na mimi na ndege hatuelewani. Leo mashindano yamekuja Tunis, mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwangu, na umeniambia mwenyewe kwamba yakiisha haya unaivua jezi. Nataka nikuone kwa macho yangu ukiwa umeivaa, walau mara moja. Basi funga kimoja mechi ya kwanza, na ya pili mimi nipo jukwaani. Kimoja tu. Wewe uliyekulia chini ya ringi niliyoipigilia kwenye mdanzi wetu, kimoja kitakushinda?

Baba yako,
Tijani


Tunis, Jumamosi, 5 Aprili

Baba mpendwa,

Waalaykum salaam. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika asubuhi tu, baadaye yanazoea. Barua yako ilifika na harufu ya uani kwetu. Vijana ninaolala nao chumba kimoja waliinusa kwa zamu kabla sijaisoma, mmoja akaniuliza kama nimeoa kwa siri.

Baba, umeapa nini tena? Niliposoma pale nilikaa kitandani nikaangalia dari.

Nikueleze. Kocha Fawzi ametuletea ulinzi anaouita meza na kivuli. Wanne wanasimama karibu na kikapu chetu, kila mmoja na kona yake, kama miguu ya meza. Hao wanalinda eneo, yeyote atakayeingia ni wao. Wa tano hana eneo, ana mtu. Anapewa mchezaji mmoja wa upande wa pili, yule hatari kuliko wote, na kazi yake ni kumfuata kila aendako, asimwache ashike mpira kwa raha. Huyo wa tano ni mimi.

Na si hilo tu. Tunaposhambulia sisi, nimekatazwa kwenda mbele. Nakaa karibu na mstari wa katikati, ili tukipoteza mpira yule mtu anikute nimeshafika. Kocha aliniambia mbele ya wenzangu: "Wajdi, kikapu cha wapinzani wewe hukijui. Mkikutana njiani, msipeane hata mkono." Wote walicheka. Mimi nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa bado sijapata barua yako.

Usiku wa jana niliota namfuata mtu katika vichochoro vya Nabeul. Sikumwona uso. Akapita penye wauza mikeka, nami nikapita. Akaingia kwa Hmida kunyolewa, nikasimama nyuma ya kiti, Hmida akaninyoa mimi. Akatoka, akalala chini ya mdanzi wetu juu ya shuka la kuokotea maua, nami nikalala ubavuni pake, na maua yakatufunika wote wawili taratibu. Niliamka nimepumzika sana. Nilimsimulia kocha, akasema, "Safi. Sasa fanya hivyo hivyo ukiwa macho."

Baba, nitafungaje? Msalimie shangazi. Mwambie asibebe magunia ya maua mwenyewe.

Mwanao,
Wajdi


Nabeul, Jumatatu, 7 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Afya ipo. Usingizi ndio sina sana, maana tumewasha mtambo wa marashi na mtu lazima akae na moto. Shangazi yako anasema wewe ndiye unayelala kwa ajili yetu sote.

Mechi ya jana na Guinea nimeiangalia mkahawani. Mmeshinda, hongereni. Lakini mwanangu, nimekutafuta kwenye televisheni kama mtu aliyepoteza funguo. Mpira uko huku, wewe uko kule! Kuna wakati wenzako wanne walikuwa wanashambulia, na wewe umesimama katikati ya uwanja peke yako, mikono kiunoni, kama unangoja gari la Sassi.

Hmida hakuniacha. "Tijani, mwanao amelipa kiingilio? Maana naona na yeye ni mtazamaji."

"Ni mbinu," nikamwambia. "Inaitwa meza na kivuli."

"Meza tunaiona. Kahawa iko wapi?"

Watu walicheka, na mwenye mkahawa akacheka pia, yule niliyemfundisha hesabu mimi mwenyewe. Nilirudi nyumbani kabla ya dakika za mwisho. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaondoka wewe ukiwa bado unacheza. Jambo hilo limeniuma kuliko maneno ya Hmida.

Zungumza na kocha wako. Mwambie una baba mzee na mjinga aliyeapa. Akuruhusu kwenda mbele mara moja, mara moja tu, kisha urudi kwenye ukivuli wako.

Baba yako


Tunis, Alhamisi, 10 Aprili

Baba,

Shikamoo yangu ya heshima, na salamu kwa shangazi. Hatujambo hapa. Jana tumeifunga Senegal, na sasa tumeingia nusu fainali.

Sikuzungumza na kocha. Nitakwambia ukweli, barua yako ilinikera. Umeandika kurasa mbili kuhusu mechi ya Guinea na hukuuliza hata mara moja yule niliyemkaba alifanya nini. Nakwambia mimi: hakufanya kitu. Mtu aliyekuja hapa akisifiwa bara zima aliondoka uwanjani anamgombeza mwenzake kwa kutompa pasi. Mwenzake angempaje, nami nilikuwa nimejaa kati yao kama hewa?

Na wa Senegal jana, mrefu yule mwenye utepe mweupe wa jasho kipajini, robo ya tatu aligeuka akaniambia kwa Kifaransa, "Kaka, huna kwenu?" Nikamwambia, "Ninako, lakini leo nakaa kwako." Alicheka, baba. Kisha akachoka. Nilimwona anavyochoka, kwanza mabega, halafu macho. Ikafika mahali akaacha kuukimbilia mpira, akabaki anatembea tu, nami natembea naye, kelele za ukumbi zikawa mbali sana, kama tuko wawili ufukweni asubuhi. Sijawahi kufunga kikapu kilichonipa raha ile. Sijui kama utanielewa.

Maisha yangu yote nimetafuta ringi, kwa sababu wewe uliipigilia pale. Sikulaumu. Lakini hii kazi naipenda, na naona naiweza kuliko ile.

Mwanao,
Wajdi


Nabeul, Jumamosi, 12 Aprili

Mwanangu Wajdi,

Assalamu alaykum. Tuko salama. Maua ya leo yalikuwa mazito kwa umande, na shangazi yako ameimba asubuhi nzima, jambo ambalo hufanya akiwa hana maumivu.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka, nikaenda kukaa na mtambo. Nakuandikia hapa hapa. Marashi yanatona ndani ya fashka, hii chupa yetu yenye koti la ukindu, na kila tone linalia kama mpira unaodunda mbali, nyumba ya tatu au ya nne. Nilisinzia kidogo. Nikakuona una miaka minane, unarusha mpira kwenye ringi ya mdanzi. Ukikosa, mpira unapiga tawi, maua yanamwagika kwenye shuka, na shangazi yako anashangilia, "Kosa tena, roho yangu, kosa tena!" Mimi nikawa namkemea asikuharibu. Mama yako alikuwa hai bado, amekaa ngazini, anatucheka sote.

Mechi ya Senegal niliangalia nyumbani, na huyo huyo Mbarka. Hajui mpira, lakini aliniuliza, "Mbona huyu mrefu amenuna hivyo, kafiwa?" Nikamwangalia. Kweli alikuwa amenuna. Nikaacha kuutazama mpira, nikawatazama nyie wawili mpaka mwisho. Mwanangu, ulikuwa umemganda hata mimi nikamwonea huruma.

Kwa hiyo nimekuelewa, au nimeanza. Lakini kiapo kiko pale pale. Nimekwenda mkahawani nikajaribu kukizungumza kwa mzaha, wakazungumza nami kwa sheria. Kesho ni nusu fainali, na Ijumaa, mkijaaliwa, ni fainali. Baada ya hapo hakuna tena. Nakaa hapa nanusa maua, naona mwaka unapita puani mwangu. Nakuomba, si kama baba anayeamrisha, nakuomba tu: ikitokea nafasi moja isiyo na madhara, ichukue. Nataka kuja.

Baba yako


Tunis, Jumatatu, 14 Aprili

Baba mpendwa,

Natumai mu wazima. Mimi mwili mzima.

Bila shaka uliona. Lakini televisheni haionyeshi kila kitu, bora nikwambie mwenyewe.

Tulikuwa tunaongoza Misri. Shihab wao, fundi yule, nilikuwa nimemfunga vizuri, hata maji alikuwa anakunywa kwa hasira. Robo ya nne imeanza, sisi tunashambulia, mimi niko mahali pangu katikati. Ghafla mbele yangu pakawa peupe. Hakuna mtu. Njia nyeupe kabisa mpaka kwenye ringi. Sijui nikuelezeje, lakini nilisikia harufu ya maua. Hapakuwa na maua, ni akili yangu tu. Nikasikia na sauti yako inasema nataka kuja. Nikanyoosha mkono nikaomba mpira, wakanipa kwa mshangao, nikaenda.

Nilirusha kama nilivyorusha mara elfu uani kwetu. Ukagonga chuma. Nilipogeuka Shihab alikuwa upande wa pili peke yake, akawa na wakati wa kuweka sawa soksi. Pointi tatu. Dakika iliyofuata nikafanya tena. Tena, baba! Nikakosa, akafunga. Ukumbi mzima ukaanza kunizomea kwa jina.

Kocha akanitoa. Kabla sijakaa vizuri kwenye benchi, akaniinamia.

"Ulikwenda wapi?"

"Kwa baba," nikasema. Lilitoka lenyewe.

Akaniuliza, "Na baba yako anamkaba nani?"

Shihab aliendelea kufunga bila kivuli, na tulishinda kwa pointi moja ambayo sina mchango nayo hata chembe. Wenzangu hawakunisema. Chumbani walizungumza kwa sauti ndogo, kama kuna mgonjwa.

Fainali ni Ijumaa na Angola. Wana Kambundi, ambaye ni bora kuliko wote niliowakaba. Kocha hajaniambia kama nitacheza. Baba, niandikie neno. Nimeshindwa kukuleta, na nimekaribia kuwaangusha wenzangu nikijaribu. Ukiniambia umenikasirikia, nitajua la kufanya nalo, lakini niandikie.

Mwanao,
Wajdi


Tunis, Jumatano, 16 Aprili

Baba,

Sijapata jibu. Jana nilimngoja Ami Sassi mapokezi mpaka wahudumu wakaniletea chai.

Amekuja leo, na habari zake zimenitia hofu. Anasema alipita nyumbani mchana, akakuta viatu vimejaa mlangoni, vya watu wengi, na harufu ya kuskusi ya nyama mpaka barabarani. Abiria walikuwa wanapiga honi yake wenyewe, hakuweza kushuka. Baba, viatu vingi mlangoni na kuskusi siku ya kazi, kwetu hilo ni jambo gani? Ni msiba. Nimemwomba kocha simu, nikapiga nyumbani, ikaita mpaka ikachoka. Ni mgongo wa shangazi? Ni wewe? Nilitaka kutoka nirudi Nabeul kwa miguu.

Naongeza jioni. Sassi amerudi na safari ya mwisho. Anasema amekukuta sokoni, mzima, na shangazi mzima nyuma yako akikugombeza juu ya nyanya. Alhamdulillahi. Alikuomba barua ya kuniletea, ukamwambia, "Sina barua. Mwambie acheze." Basi, hivyo tu.

Nimekaa na maneno hayo tangu hapo. Sijui umeyasema kwa uso gani, na Sassi si mtu wa kuangalia nyuso. Kama umenikasirikia nakubali. Kocha amesema nitaanza Ijumaa. "Ukiondoka tena," ameniambia, "usirudi benchi, pitiliza mpaka kwenu." Nimemwahidi siondoki. Kwa hiyo ujue, baba, na unisamehe: kikapu hakitakuwepo. Hutakuja, na nimechagua mimi.

Wajdi wako


Tunis, Jumamosi, 19 Aprili

Baba mpendwa,

Assalamu alaykum. Natumai mmeamka salama, wewe na shangazi. Wameturudishia simu asubuhi hii. Nimeishika, nimeiangalia, nimeiweka chini. Nilishazoea kukuandikia, na mambo mengine siwezi kuyasema nikisikia unapumua upande wa pili.

Sisi ni mabingwa. Unajua. Nimelala na medali, imenichoma shavu.

Kambundi, baba. Mtu anakimbia kama maji ya bomba, hayana mahali pa kushika. Robo ya kwanza alinipita mara mbili, nikafikiri leo nimekwisha. Halafu nikafanya kama kwenye ile ndoto. Niliacha kumfukuza nikaanza kumsindikiza. Akikata kulia nimeshakwenda, akisimama nimesimama. Hakuongea hata mara moja, si kama yule wa Senegal. Tulipofika robo ya tatu nilikuwa najua atapumua lini. Watu elfu ngapi walikuwa wanapiga ngoma mle ndani, nami nilisikia viatu vyake tu.

Na hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo sijamwambia mtu. Mpira ulikuwa umetoka, tumesimama karibu na benchi letu, yeye anangoja warushe, mimi niko mgongoni pake. Nikasikia marashi. Si kama siku ya Misri. Siku ile ilikuwa kichwani. Jana ilikuwa shingoni, baba, ni maji, matone ya baridi kabisa, na harufu ya mtambo wetu. Nyuma yangu watu wakapiga vigelegele. Kila kilicho ndani yangu kilitaka kugeuka. Nikasema, ukigeuka, huyu anaondoka. Sikugeuka. Warushaji wakarusha, akaondoka, nami nikaondoka naye.

Mwisho uliuona. Tunaongoza kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache, wao wanapoteza mpira, unanijia mimi mikononi. Kikapu chao kiko wazi kuliko siku ya Misri. Ningefunga hata kwa macho yaliyofumbwa. Lakini wangebaki na muda wa kurudi kurusha ule wa pointi tatu, na Kambundi hahitaji muda mrefu. Nikaipa ringi mgongo. Nikadunda mpira kurudi katikati, mahali pangu, nikizunguka, na Kambundi akinifukuza. Mashindano mazima mimi ndiye niliyekuwa namfuata mtu, na sekunde zile za mwisho mtu akanifuata mimi. Nilikuwa nacheka. Honi ikalia nikiwa bado nadunda.

Nimemaliza mashindano sina hata pointi moja. Hmida atafurahi. Nakuomba radhi, baba. Ulitaka kitu kimoja nami nilikuwa nacho mkononi.

Niambie nani alininyunyizia marashi. Jukwaani baada ya honi palikuwa na bahari ya watu, sikuona. Labda niliota tena.

Mwanao,
Wajdi


Nabeul, Jumapili, 20 Aprili

Mwanangu, roho yangu, Wajdi,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima, sauti tu hatuna, mimi na shangazi yako, kwa hiyo hata ungepiga simu ungesikia mikwaruzo.

Uliandika kwamba ulimjibu kocha, "Kwa baba." Barua ile ilinifikia niko kwenye kiti cha Hmida, nusu ya uso ina povu. Niliinuka hivyo hivyo. Nilikwenda kwa imamu wa mtaa, nikamwambia nimeapa upumbavu na upumbavu wangu umemfikia mwanangu mpaka uwanjani. Akaniuliza, "Sasa ulikuwa unangoja nini? Kiapo kina kafara yake, lisha maskini kumi ukaishi na watu." Mwanangu, nililijua hilo tangu mwanzo. Kila mtu mkahawani alilijua. Lakini kulisha ni kukiri mbele ya Hmida kwamba nilikosea, na shingo yangu ilikuwa haipindi.

Basi viatu ulivyosimuliwa na Sassi vilikuwa vya wageni wangu. Shangazi yako alipika kuskusi ya kondoo mpaka mgongo ukasahau kuuma. Mzee mmoja aliposhiba akauliza anakula kafara ya nini, nikamweleza. Akasema, "Mungu akuzidishie ulimi mrefu, Bwana Tijani. Mwezi ujao apa tena." Na katikati ya chakula akaingia Hmida, bila kualikwa, akavua viatu, akakaa. Nikamwambia wewe si maskini. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuapisha, nina fungu langu." Akala kuliko wote. Kisha akaniambia bila kunitazama kwamba ana tiketi mbili za Ijumaa, alizinunua siku ile ile niliyoapa.

Sikukuandikia kwa makusudi. Ningekwambia nakuja, ungecheza unanitafuta. Nilitaka ucheze huna deni na mtu. Ndiyo maana nilimwambia Sassi akwambie ucheze, basi. Hakuongeza uso kwa sababu nilimficha uso.

Tulikuja na Hmida, na nilibeba ule mrashi wa shaba wa harusi yangu na mama yako, umejaa marashi ya maua ya mwaka huu. Mlinzi wa mlangoni alitaka kuuchukua. "Mzee, hii ni nini, silaha?" Nikamnyunyizia viganjani. Akajipaka usoni, akafumba macho, akasema, "Pita, mzee, pita upesi kabla sijamlilia mama yangu."

Nilikaa nyuma ya benchi lenu. Nilikuona kwa macho yangu, mwanangu, umeivaa jezi, jasho linakutiririka, na ule weupe umeanza kwenye nywele zako juu ya sikio, ambao televisheni haikuwahi kunionyesha. Ulipofika karibu yangu, hata mkono ningekugusa, nikanyunyiza. Mabega yako yakashtuka. Nikaiona shingo yako inataka kugeuka. Hmida akanishika mkono. Moyo wangu wote ulikuwa unasema geuka, nione uso wako, na wakati huo huo nasema, usigeuke, usigeuke.

Hukugeuka. Nikalia mbele za watu, nikamnyunyizia Hmida kilichobaki chote.

Na pale mwisho ulipoipa ringi mgongo, mkahawa mzima wa Nabeul uliokuwa umekuja nyuma yetu ulinyanyuka ukipiga kelele, "Rudi nao! Rudi nao!" Mimi ndiye niliyeanza.

Njoo nyumbani. Midanzi imebakiza maua ya mwisho, na shuka tumelitandika chini ya ringi. Rusha utakavyo, na ukikosa, shangazi yako atashangilia kama zamani. Safari hii nami nitashangilia naye.

Baba yako